Muulize Bi Mwalimu: Juu chungwa, chini yule wa basari

Barua za mwezi huu zimejaa siasa, na uchaguzi wenyewe ni Agosti 2027. Nimechagua tano, zote zagusa Kwale au majirani zake. Kwa msomaji mgeni: nimefundisha shule za msingi Matuga na Kinango hadi nikastaafu, na uchaguzi ukija nilikuwa nikichukuliwa kusimamia kituo. Nilimpigia nani mimi, hilo msiniulize.

*Bi Mwalimu, habari za kazi? Mimi ni mtu wa Murang'a, nafanya kazi hotelini Diani. Kwetu mtu akipiga kura, rangi ni moja kutoka juu hadi chini. Hapa naambiwa Kwale ni ngome ya ODM, lakini gavana ni UDA na wabunge kila mmoja na chama chake. Nikiwauliza wenzangu kazini wananicheka. Hawa watu ni wa upande gani? Na sisi tuliotoka bara, kura zetu zina uzito wowote hapa?*
Mgeni wa Ukunda

Karibu, ndugu yangu. Wanakucheka kwa sababu unataka jibu moja, na mpiga kura wa hapa anapewa karatasi sita.

Chukua matokeo ya 2022 uyapange mezani. Urais: Raila Odinga alimshinda William Ruto hapa Kwale kwa mbali. Seneta: Issa Juma Boy, ODM. Mwakilishi wa wanawake: Fatuma Masito, ODM. Mpaka hapo ni chungwa tupu, alama ya ODM, chama cha Raila. Sasa njoo kwa gavana: Fatuma Achani, UDA, chama cha Ruto mwenyewe. Wabunge: Msambweni ni Feisal Bader wa UDA, Lungalunga ni Mangale Chiforomodo wa UDM, Matuga ni Kassim Tandaza wa ANC, Kinango ni Gonzi Rai wa PAA. Maeneo bunge manne, vyama vinne, na ODM haimo hata kimoja. Ngome gani hiyo?

Wala hayakuanza 2022. Salim Mvurya aliingia ugavana 2013 kwa tiketi ya ODM, kisha akahamia Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, na wajuzi wa siasa wakasema amejichimbia kaburi. Ilipofika 2017 Kwale ikampa Raila kura ya urais na ikamrudisha Mvurya ofisini kwa tiketi ya Jubilee, siku ile ile, wapiga kura wale wale. Rudi nyuma tena: 2007 Pwani ilisimama na Raila, lakini sisi wa Matuga tulimpeleka Chirau Ali Mwakwere bungeni kwa PNU, chama cha Kibaki. Mahakama ikaufuta ushindi wake, tukaitwa tena vituoni Julai 2010, tukamrudisha vile vile.

Nikueleze nilichokiona 2017. Kituo changu kilikuwa darasa la shule moja ya Kinango, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za sehemu ambazo mtu hakuzifuta. Akaingia bibi mmoja na mkongojo wake. Hajui kusoma, na hakuja na mtu wa kumsaidia. Ikiwa hivyo, sheria inamtaka msimamizi amsaidie mbele ya mawakala wa vyama. Nikamfungulia karatasi ya urais. "Nipe wa chungwa." Nikamfungulia ya gavana. "Hapa chungwa sitaki. Nipe yule wa basari." Wakala wa ODM akajikohoza. Bibi akamgeukia: "Wewe mwanao kalipiwa karo na nani?" Nikawanyamazisha wote wawili, maana ndani ya kituo hakuna kampeni, hata ya bibi.

Usiku tukafungua masanduku. La urais ndilo linalotangulia. Kila karatasi unaiinua juu mawakala waione, unalitaja jina, inawekwa kwenye fungu lake. Fungu la Raila likawa linapanda, na wakala yule anaitikia kila jina kama aliye kwenye kasida. Likaja sanduku la gavana. Karatasi ya kwanza Mvurya, ya pili Mvurya, ya tatu Mvurya. Akaacha kuitikia, akaomba nimwonyeshe ya nne kwa karibu.

Basari ile haikuwa maneno. Kwale ilikuwa na sifa mbaya ya kuwa mkiani katika elimu, na serikali ya kaunti ilipoanza mpango wa Elimu ni Sasa, watoto wa watu wasio na ng'ombe wala mnazi wakaanza kulipiwa karo hadi shule za kitaifa. Madarasa ya chekechea yakajengwa mahali ambapo watoto walisomea chini ya mkwaju. Mzazi aliyeonja hayo huwezi kumwambia achague gavana kwa sababu ya alama ya chama. Fimbo ya mbali haiui nyoka: rais yuko Nairobi, gavana na mbunge unaweza kuwashika mkono mazikoni ukawauliza kuhusu kisima.

Basi kwa nini kura ya urais isifuate mkondo huo huo? Kwa sababu ile inapigwa kwa jambo lingine, nalo ni ardhi. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulipimwa na kuandikiwa hati chini ya sheria ya mkoloni ya 1908, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima hapo hawakupata hati. Wajukuu wao ndio mnaowaita maskwota, juu ya mikorosho iliyopandwa na babu zao. Kila serikali imegawa hati kidogo, imepiga picha, imeondoka. Mtu wa hapa alipompigia Raila alikuwa anapiga kura ya malalamiko hayo, pamoja na ile hamu ya zamani ya kujitawala ambayo wazee wetu waliiita majimbo na sisi tunaiita ugatuzi. Hakuwa akichagua chama cha kumletea maji. Kwa hiyo ukiniuliza Mdigo wa Waa ni wa upande gani, nitakuuliza kwanza umemfungulia karatasi gani.

Sitaki uondoke ukidhani hapa watu hupima kazi peke yake. Koo na makabila yamo. Mgombea ugavana anayetoka kwa Wadigo wa pwani kwa kawaida atatafuta mgombea mwenza kwa Waduruma wa Kinango, na kinyume chake. Wakamba hawasahauliki pia. Hesabu za vyama nazo zina mahali pake. 2022 Achani alimpita Profesa Hamadi Boga wa ODM kwa kura zisizofika 6,000, na ndani ya Azimio hiyo hiyo, muungano wa Raila, Mwakwere alikuwa anagombea kivyake kwa tiketi ya Wiper. Wangekubaliana wakamsimamisha mmoja, pengine leo ningekuwa naandika barua nyingine. Hata hivyo nakumbuka wanaume waliokuwa wakiapa vibarazani kwamba kaunti yenye Waislamu wengi kama hii haitampa mwanamke ugavana. Achani alikuwa ameshakaa mihula miwili akiwa naibu wa Mvurya, akawa gavana wa kwanza mwanamke Pwani nzima. Vibaraza vile vile sasa vinasema walijua tangu zamani.

Kuhusu nyinyi wa bara: kura zenu zina uzito, hasa wadi za Ukunda na Gombato/Bongwe, na hakuna mgombea ugavana mwenye akili anayepita Ukunda bila kusimama kwenu. Lakini uliza wakazi wa zamani kuhusu 1997. Tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, fujo za Kaya Bombo zikasambaa hadi huku, watu wa bara wakauawa na nyumba zao zikachomwa. Waliokimbia wengi hawakurudi kupiga kura Desemba. Ndiyo maana utawaona wenzako wakongwe wanawafungasha watoto na kuwapeleka mashambani wiki ya uchaguzi, hata kukiwa na utulivu kama 2022. Usiwaone waoga.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Mwakilishi wadi mmoja watu wake walipita kijijini wakaandika nambari zetu za vitambulisho na kutugawia pesa kidogo. Wanasema siku ya kura wataona kwenye kompyuta nani alimpigia nani. Mama yangu anaogopa sana. Ni kweli?*
Binti wa Mwereni

Marahaba mwanangu. Uongo mtupu, mwambie mama alale.

Ile mashine unayowekea kidole inakutambua tu kwamba wewe ndiye wewe na umo kwenye daftari. Ikishakutambua, kazi yake imekwisha. Karatasi ya kura haina jina lako wala nambari ya kitambulisho chako, na ikishatumbukia sandukuni inachanganyika na za wengine. Kituo kimoja kinaweza kuwa na wapiga kura mia saba. Hakuna mtu, hata mimi niliyekuwa nikishika funguo za darasa, anayeweza kuichomoa yako.

Njia wanazotumia kujua ni mbili, na hazina kompyuta. Ya kwanza ni simu: wanamwambia kijana apige picha karatasi aliyotia alama, awaletee. Ni kosa la jinai, simu iache nyumbani. Ya pili ni hii inayowapata wazee wetu. Mtu asiyejua kusoma akiingia peke yake, atasaidiwa na msimamizi huku mawakala wamesimama pale wanasikia, kama yule bibi wa Kinango. Kumbe anaruhusiwa kuja na mtu wake mwenyewe anayemwamini, mwanawe au mjukuu. Huyo anajaza fomu ya kiapo cha kutunza siri, wanakwenda wawili kwenye kile kibanda, na wakala hasikii kitu. Kwa hiyo kama mama yako hasomi, nenda naye wewe. Jihadhari tu: msaidizi mmoja anaruhusiwa mtu mmoja, usije ukawaandamanisha na mashangazi.

Na pesa? Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea vilevile. Najua ukame wa Mwereni, na najua mtu mwenye njaa hapewi mhadhara. Ila asije mtu akamwambia mama kwamba ana deni. Rushwa haina mkopeshaji.

*Bi Mwalimu, tangu Baba Raila afariki Oktoba 2025, hapa kwetu kila jioni ni mjadala mmoja: 2027 tutampa nani? Wengine wanasema tumebaki yatima. Wengine wanasema tuingie serikalini moja kwa moja, maana hata ODM yenyewe imo serikalini. Wewe waonaje?*
Mzee Kijana, Mackinnon Road

Mimi si mpiga ramli, na wanaojifanya wanajua sasa hivi wanatafuta nauli ya kwenda Nairobi. Naweza kukukumbusha tu kwamba Raila hakuwa wa kwanza kushika kura ya Pwani, na waliomtangulia walidhaniwa wa milele pia.

Kabla ya uhuru Pwani ilikuwa ya KADU ya Ronald Ngala na majimbo yake. KADU ikavunjwa Novemba 1964, ikamezwa na KANU. Vyama vingi viliporudi, Pwani ilimpa Moi 1992 na 1997. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na jogoo, alama ya KANU ya Moi, alikuwa amechorwa hadi kwenye khanga. Ungeniambia ataondoka ningekuona mwendawazimu. Lakini 2002 mkoa ulimwendea Kibaki na NARC. Kura ya maoni ya katiba ya 2005 ikaleta chungwa, na kuanzia 2007 Raila hakupoteza Pwani hata mara moja. Miaka kumi ya jogoo, mitano ya NARC, kumi na mitano ya Baba.

Ninaloliona mimi ni hili. Kura ya Raila hapa ilikuwa ya mtu zaidi kuliko ya chama. Matokeo ya wabunge niliyomwandikia mgeni wa Ukunda yanaonyesha hivyo. Chama hakirithi mtu kama shamba. Hassan Joho, aliyekuwa gavana wa Mombasa, na Salim Mvurya, ambao 2017 walikuwa wakirushiana maneno kutoka majukwaa tofauti, tangu Agosti 2024 wameketi katika baraza moja la mawaziri. Mpiga kura amewaona. Kwa hiyo nadhani kura ya urais itaanza kupigwa kama ya gavana: hati za ardhi ziko wapi, bwawa la Mwache limefika wapi, ile migodi ya titani iliyofungwa mwisho wa 2024 imewaachia nini watu wa Nguluku na Maumba. Kama mnajadili hayo hapo Mackinnon Road, basi mko mbele ya wanasiasa wenu.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kuna watu, hasa wa rika langu, waliokuwa wakiamka saa kumi usiku na kwenda kupanga foleni kwa ajili ya jina moja tu. Jina hilo halitakuwepo kwenye karatasi. Pwani tayari ni wazito wa kujitokeza. 2022 Mombasa ilikuwa ya mwisho nchini, hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika. Wazee wetu wakikaa nyumbani na vijana wasiende, kaunti hii itaamuliwa na wale waliobebwa na magari ya wagombea. Kwa hiyo huo mjadala wa jioni uendelee, ila mtu aulize pia: nani kati yetu kajiandikisha?

*Bi Mwalimu, mimi ni Mdigo wa Horohoro, upande wa Tanzania, ndugu zangu nusu wako Lungalunga. Sisi tunapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Nyinyi sita! Hamchanganyikiwi? Na huyo mgombea asiye na chama, anaruhusiwaje?*
Jirani wa Mkinga

Tunachanganyikiwa, jirani, lakini kwa mpangilio. Kila karatasi ina rangi yake na kila sanduku lina kifuniko cha rangi hiyo hiyo. Utamwona mzee amesimama katikati ya darasa ameshika ya njano, anazungusha macho kama anayetafuta nyumba ya mchumba.

Mgombea huru kwenu hayupo, sharti udhaminiwe na chama. Kwetu Katiba ya 2010 inamruhusu, na Kwale ndiyo iliyotoa mfano uliotikisa nchi. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori wa ODM, alifariki Machi 2020. Uchaguzi mdogo wa Desemba mwaka huo ODM ilimsimamisha Omar Boga (si yule profesa), na vigogo wakashuka kumpigia debe. Feisal Bader akasimama bila chama chochote, kambi ya Ruto ikamshika mkono, akashinda. Nairobi walisoma matokeo yale kama mechi ya majaribio ya 2022. Huku Msambweni ukiwauliza watu watakwambia kijana alikuwa mtu wa karibu wa marehemu, anawajua kwa majina, na wageni waliokuja na helikopta waliwatimulia vumbi tu.

*Bi Mwalimu, nimeolewa Samburu lakini kura yangu bado iko Ukunda. Nifanyeje?*
Mama Watoto

Ni ile Samburu yetu ya barabara ya Nairobi, si ile ya kaskazini, nimeelewa. Kama unataka kumchagua mbunge na mwakilishi wadi wa unakoishi, hamisha kura. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge la Kinango na kitambulisho chako cha asili, si nakala, useme unataka kuhamisha kituo, wakupe fomu. Uandikishaji ulifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2025. Usingoje mwaka wa uchaguzi wenyewe, daftari hufungwa mapema na hapo hata ukilia hawafungui. Mume asikuambie atakufanyia yeye. Alama za vidole zinazotakiwa ni zako.